Nimefunga sistem ya mauzo dukani, mwezi wa tatu huu hesabu hazikai. Nakosea wapi?

Nondo12
Wakuu salama? Nina duka la hardware Mbagala, mwaka wa sita sasa. Juzijuzi nikajilipua nikaweka sistem, kompyuta ya mtumba, skana na printa ya risiti nikajua daftari basi tena. Sasa sistem inasema nina misumari ya nchi 4 kilo 38, nikienda stoo napima nakuta 21 na nusu, waya ndo usiseme. Dogo wa dukani sio mwizi, nimekaa nae miaka minne. Sistem mbovu au mimi ndo sikuwa tayari? Aliyeniuzia hapokei simu.

MamaVitenge
Waya uliingiza kwa roli au kwa mita? Na mteja akija na misumari ya buku, dogo anabonyeza wapi?

Nondo12
Niliingiza roli, misumari kwa kilo. Ya buku... hapo sijui.

MamaVitenge
Si ndo hapo sasa 😂 Mimi Kariakoo jora na doti zilinitesa hivohivo, nikafunga duka jumapili mbili nikahesabu upya kila kitu nikasajili kwa kipimo kile ninachouzia, sio ninachonunulia. Sistem haijui robo kilo mpaka uiambie.

Mhasibu_Mtaani
Naandikia maduka kadhaa vitabu, wanaohama kiulaini ni wale ambao daftari lao lilikuwa linasomeka. Wengi wanaogopa tu kuonekana, lipa namba imebandikwa ukutani ila ukitoa simu unaulizwa "huna keshi bosi?" Tangu EFD, zile mashine za risiti za kodi, zije 2010 kwa waliosajiliwa VAT, halafu 2013 zikashuka kwa wengine, mtu akiona mashine yoyote anaona TRA. Wakati kizingiti cha mauzo cha kusajiliwa VAT kilipanda 2023 toka milioni 100 mpaka 200 kwa mwaka, wengi wetu hata hatufiki. Ila Nondo angalia, hiyo printa yako sio EFD, usimpe mteja kile kikaratasi ukajua umemaliza, utalia.

Nondo12
EFD ninayo mkuu, iko pembeni.
Nimemuuliza dogo saa hizi. Kumbe misumari ya buku na ya jero anaandikaga nyuma ya boksi la balbu, na tarehe kaweka. Boksi lenyewe limejaa pande zote nne.