Baraza la watu watano: tupige kura kwa kanuni ipi?

mpimaji_mitaa
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Baraza la muda la kundi letu la wachora ramani linamaliza kazi mwisho wa mwezi na tunahitaji watu 5 wa kudumu. Kazi zao mnazijua: kuamua nani aruhusiwe kufuta michoro ya wenzake, kusuluhisha ugomvi wa majina ya mitaa, na kushika funguo za ukurasa wa kundi.

Mara ya kwanza tulichagua kwa vidole gumba WhatsApp. Wote tunakumbuka: mtu anasubiri aone fulani kabonyeza wapi, ndipo naye abonyeze. Ule ulikuwa mlolongo wa Kenya wa 1988, watu kujipanga nyuma ya mgombea wao hadharani, tofauti yake tulipanga foleni tukiwa vitandani. Kwa hiyo safari hii ni kura ya siri, hilo silijadili.

Ninalotaka tujadili ni hesabu. Daftari lina wapigakura 60: Dar 36, Mwanza 15, na 9 waliotawanyika. Mezani kuna njia tatu. Ya kwanza, kila mtu anachagua majina 5, wenye kura nyingi wanapita. Ya pili, kila mgombea unampa ndiyo, hapana au sina maoni. Ya tatu, unawapanga kwa namba 1, 2, 3 na kuendelea, na kura yako inahama kwenda kwa anayefuata kama uliyemtanguliza ametolewa au ana kura za ziada. Semeni.

kijiko_cha_asali
Ya kwanza. Kila mtu anaielewa, hata bibi yangu. Tusijitafutie kazi.

binti_nyegezi
Kijiko, unaielewa kwa sababu uko Dar. Watu 36 wakipanga safu ya majina matano, kila jina linapata 36. Sisi wengine hata tukishikamana kama gundi tunaishia 24. Baraza zima la Dar, watano kwa sifuri, na 24 kati ya 60 hawana hata wa kumpigia simu. Ni yale yale ya mafiga matatu, rais, mbunge na diwani wote wa chama kimoja, ila hapa mafiga ni matano na yote yanatoka jiko moja.

Kwenye njia ya tatu kuna kiwango. Unachukua kura 60, unagawanya kwa viti ukiongeza kimoja, yaani 6, unapata 10, unaongeza 1. Mgombea akifikisha 11 amepita, maana haiwezekani watu sita wote wafikishe 11 kwenye kura 60. Dar wana 36, hapo wamejaza viti vitatu na kubakiwa na kura 3. Sisi na waliotawanyika tuna 24, tukikubaliana tunajaza viwili. Tatu kwa mbili. Dar bado ndio wengi, ila si peke yao.

mzee_wa_dira
Nimewahi kuhariri Wikipedia miaka mingi, niseme kuhusu njia ya pili kabla hamjaipenda. Wikimedia Foundation, wenye Wikipedia, kwenye uchaguzi wa bodi yao walianza kutumia kura ya kupanga namba mwaka 2008, wakawa wanalinganisha wagombea wawili wawili. Mwaka 2013 wakahamia ndiyo, hapana na sina maoni. Hesabu ilikuwa ndiyo ugawanye kwa jumla ya ndiyo na hapana. Wasio na maoni hawahesabiwi kabisa.

Sasa tazameni. Mgombea mmoja kwenye kundi letu amefanya kazi miaka yote, ameamua magomvi, ana ndiyo 40 na hapana 15. Hiyo ni kama asilimia 73. Mwingine hajulikani na mtu, ana ndiyo 10, hapana 2, na watu 48 wamesema hawana maoni. Huyo ana asilimia 83, anamshinda wa kwanza! Kanuni ile inampiga aliyefanya kazi na kumpa tuzo aliyenyamaza. Mwaka 2015 wajumbe watatu waliokuwa wakitetea viti vyao kwenye bodi ile walianguka wote watatu. Sisemi ni kanuni peke yake iliyowaangusha, lakini mjumbe anayekata maamuzi hukusanya hapana kama shati jeupe linavyokusanya vumbi. Tangu 2021 wamehamia kwenye kura inayohama.

kijiko_cha_asali
Mzee, wajumbe si watu wazuri, hilo halihitaji hesabu 😂

nahodha_wa_nyota
Naingia kama mtu wa magemu. EVE Online, gemu la vyombo vya angani, ina baraza la wachezaji tangu 2008, linakutana na watengenezaji wenyewe kule Iceland. Mwanzoni ilikuwa kura moja kwa mgombea mmoja. Mwaka 2012 mgombea mmoja alizoa kura zaidi ya elfu 10, nyingi mno kuliko alizohitaji, na zile za ziada zikapotea bure. Mwaka uliofuata wakaanza kura inayohama.

Ila msidhani kura inayohama inaua makundi. Ilichofanya ni kuyapa nidhamu. Miungano mikubwa ya wachezaji huwagawia watu wake orodha iliyokwisha kupangwa: huyu namba moja, huyu namba mbili, nakili ubandike. Zamani ziada ilimwagika, sasa inamiminwa kwenye chupa ya pili. Anayeumia ni mchezaji wa pekee asiye na orodha. Binti wa Nyegezi anajua hesabu, basi ajue pia kuwa Dar watakuja na orodha.

binti_nyegezi
Waje nayo. Orodha haigeuzi 36 kuwa 55.

mpimaji_mitaa
Nimeongea na wachache inboksi, kuna wazo la kupokezana: tuchague 2 mwaka huu, 3 mwaka ujao, ili baraza lisiondoke lote kwa mpigo. Bodi ya OpenStreetMap Foundation, wale wa ramani huria ya dunia, ina watu 7 na hawachaguliwi wote pamoja. Nao wanatumia kura inayohama.

binti_nyegezi
Hapo ndipo tunapozikwa, kaka. Viti vikiwa 5 kiwango ni 11, na Mwanza 15 tunapata kiti bila kumwomba mtu. Viti vikiwa 2 kiwango ni 21. Viti vikiwa 3 kiwango ni 16, tumepungukiwa kura moja! Watu walewale, kanuni ileile, na tumetoka na kapu tupu miaka miwili mfululizo. Kundi la watu 60 lichague wote siku moja.

mzee_wa_dira
Namuunga mkono. Na daftari lifungwe lini? Hilo linanisumbua kuliko hesabu. Kule kule OpenStreetMap, mwaka 2018 muda mfupi kabla ya uchaguzi, wanachama wapya kama mia moja walijiandikisha kwa mkupuo, kumbe wafanyakazi wa kampuni moja. Sisi tuko 60. Mtu akileta darasa lake la wanafunzi 20 wiki ya mwisho, kwisha habari. Wenzetu siku hizi humpa uanachama bila ada aliyechora angalau siku 42 ndani ya siku 365. Sisi tuweke hata siku 10, lakini ziwe za kuchora, zisiwe za kusalimiana kwenye kundi.

fundi_wa_seva
Maneno mengi. Jana nimefanya jaribio na watu 17: vitafunwa vitatu vya chai, kura inayohama. Kiwango 5.

Chapati 8, maandazi 3, vitumbua 3, mihogo 2, kalmati 1. Chapati imepita, ina ziada ya 3. Wale 8 wa chapati, 6 waliweka maandazi namba mbili na 2 mihogo, kwa hiyo kila karatasi inahama kwa thamani ya 3 kwa 8, yaani ziada 3 kugawanya kwa karatasi 8. Maandazi yanafika 5.25, yamepita. Mihogo 2.75. Kalmati ndiyo ya mwisho, inatolewa, kura yake inakwenda mihogo: 3.75. Vitumbua viko palepale na 3. Hata robo iliyobaki kwa maandazi ikienda yote huko, ni 3.25. Kiti cha tatu ni mihogo.

kijiko_cha_asali
Subiri. Vitumbua vilikuwa na 3 na mihogo 2, halafu mihogo imeshinda? Kwa robo tatu za kura? Hii ndiyo mnataka niwaeleze watu?

fundi_wa_seva
Vitumbua vilipendwa na watatu, wengine wote hawakuvikumbuka hata namba tatu. Mihogo ilikuwa ya pili kwa wawili wa chapati, na yule wa kalmati naye akahamia huko. Ndiyo maana yake.

mzee_wa_dira
Hasira za Kijiko msizidharau. Karatasi zote zibandikwe bila majina baada ya kuhesabu, kila mtu arudie mwenyewe na kalamu. Na ninaomba jambo moja la watu wa Debian, wale watengenezaji wa programu huria: kwenye kila karatasi kuwe na mgombea aitwaye Hakuna Hata Mmoja. Uliyemweka chini ya huyo, kura yako isihamie kwake.

mpimaji_mitaa
Naandika rasimu leo usiku: kura inayohama, viti 5 siku moja, daftari lifungwe siku 30 kabla, siku 10 za kuchora, na Hakuna Hata Mmoja. Fundi hesabu, ila tunahitaji wa pili asiye mgombea ahesabu kwa mkono pembeni yake.

kijiko_cha_asali
Nitahesabu mimi. Sigombei, na mtu wa vitumbua hawezi kuibiwa mara mbili.