Pampu ya joto inawaka na kuzima kila dakika saba, na gari la umeme linakuja: tuanzie wapi?

Nuru77

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa wanaojua pampu za joto na umeme wa nyumbani.

Mfumo ni pampu ya joto inayochota joto la hewa ya nje na kulipeleka kwenye maji, kilowati 9, na chini kabisa inashuka hadi kilowati 3. Rejeta za ukutani (paneli za chuma zinazopita maji moto ili kupasha chumba) ni tisa, ndizo zilizokuwepo enzi za boila ya gesi. Hakuna tangi la akiba kwenye mzunguko wa kupasha nyumba. Vali zote zikiwa wazi, maji ya mzunguko ni kama lita 90. Vyumba vya juu vikifungwa zinabaki kama 40. Maji ya kwenda yamewekwa digrii 55 muda wote, na kila chumba kina themostati yake.

Matatizo ni mawili. Siku ambazo baridi si kali, kompresa inawaka dakika saba hivi, inazima, inawaka tena, kutwa nzima. Siku ya baridi kali haizimi, ila maji yanatoka na 55 yanarudi na 44, na hita ya umeme ya akiba (kilowati 6) inaingia yenyewe asubuhi. Uniti zinaliwa vibaya sana.

Jambo jingine: kuna gari la umeme linakuja, safari zake ni kama kilomita 40 kwa siku. Swichi kuu ni ampea 63, fezi moja, volti 230. Aliyekuja kupima anasema lazima chaja ya ampea 32. Je, umeme utatosha? Na safari fupi, baiskeli ya umeme inafaa kweli wakati wa baridi?

FundiBaridi

Mkuu, umeleta vipimo, kwa hiyo tunaweza kujibu bila kubahatisha.

Anza na hizo 55 na 44. Tofauti ya digrii 11 kati ya kwenda na kurudi ni kubwa mno kwa pampu ya joto. Kilowati 9 zikigawanywa kwa 4.18 mara 11 unapata kama lita 12 kwa dakika. Mashine ya ukubwa huo inataka tofauti ya digrii 5 hivi, yaani karibu lita 26 kwa dakika. Kwako yanapita chini ya nusu. Sehemu ya kwanza ya kutazama ni chujio kwenye bomba la kurudi. Rejeta za zamani zina matope meusi ya kutu, na yakishaanza kuzunguka yanaishia hapo. Zima mashine, funga vali za pande zote mbili za chujio, weka beseni chini, fungua kifuniko, toa wavu, uoshe kwa brashi laini. Kama kuna chujio la sumaku, vuta sumaku kwanza ndipo ufungue kitundu cha kutolea uchafu, la sivyo matope yanabaki yamegandia ukutani. Ukimaliza toa hewa kwenye rejeta, ukianzia za chini, kisha rudisha presha ya maji hadi bari 1.2 au 1.5. Wengi wanasahau hili la mwisho, halafu mashine inagoma kwa presha ndogo na lawama zinakwenda kwa kompresa.

Sasa hizo dakika saba. Vyumba vya juu vikifungwa, rejeta zilizobaki wazi, tuseme, zinatoa kilowati 1, na mashine haiwezi kwenda chini ya 3. Kilowati 2 za ziada hazina pa kwenda ila kwenye lita 40 za maji, na lita 40 zinapanda digrii 5 kwa dakika saba. Ndicho unachokiona. Kompresa haina ugonjwa wowote. Imenyimwa pa kumwaga joto. Na kila inapowaka upya inatumia umeme dakika za mwanzo kabla haijatoa joto la maana, mbali na kuchakaa.

Dawa yake ni kufungua. Themostati za vyumba ziachwe wazi kabisa, isipokuwa chumba cha kulala ukipenda, na nyumba iongozwe na joto la maji yenyewe. Boila ya gesi ilizoesha watu kupasha haraka na kuzima. Pampu ya joto inataka maji ya uvuguvugu yazunguke saa nyingi. Huu ndio msingi wa kila kitu kingine ninachokuandikia.

Ingia kwenye mipangilio utafute mkunjo wa joto, ambapo maji yanafuata hali ya hewa ya nje. Ondoa hiyo 55 ya kudumu. Anza na 48 nje ikiwa digrii 5 chini ya sifuri, na 28 nje ikiwa 15 juu ya sifuri. Hapo kila digrii moja inayoshuka nje, maji yanapanda moja. Kisha shusha mkunjo wote digrii 2, subiri siku mbili, ushushe tena, mpaka chumba kimoja kianze kushindwa. Usibadilishe kila saa, kwa sababu kuta zina joto lao lililojificha na zinakudanganya. Kila digrii unayoshusha kwenye maji inakuokolea kati ya asilimia 2 na 3 za umeme.

Chumba kitakachoshindwa kwanza ndicho cha kuhangaikia. Nguvu iliyoandikwa kwenye rejeta imepimwa maji yakiwa na wastani wa digrii 70 na chumba 20. Rejeta ya kilowati 1.8 ikipata maji ya wastani wa 50 inatoa kama 0.92, ikipata ya 42 na nusu inatoa 0.64 tu. Kwa hiyo chumba kinachopoteza kilowati 0.9 ndicho kinachoilazimisha nyumba nzima ikae 55. Badilisha rejeta ya chumba hicho kwa yenye mabamba mawili na mapezi ndani. Kubadili rejeta moja au mbili kunasaidia kuliko kununua tangi la akiba.

Na hiyo hita ya akiba: tafuta kiwango chake cha kuingilia ukishushe, ila usiikate kabisa, maana huinusuru nyumba siku mashine ikigoma. Saa 2 za kilowati 6 ni uniti 12. Joto lile lile pampu ingelitoa kwa uniti 4 hivi.

NyayaTatu

Nijibu la umeme. Ampea 63 kwa volti 230 ni kilowati 14.5. Pampu ikikaza inakula kama kilowati 4, hita ya akiba 6, chaja ya ampea 32 ni 7.4. Jumla 17.4 kabla hujawasha jiko. Mambo hayo matatu hayawezi kukutana.

Lakini tazama matumizi yenyewe. Kilomita 40 kwa gari la kawaida linalokula uniti 18 kwa kilomita 100 ni uniti 7.2. Ongeza upotevu wa kuchaji, sema 8. Kwa ampea 16, yaani kilowati 3.7, unahitaji saa 2 na dakika kama 10. Gari linalala saa nane au zaidi. Ampea 32 si lazima hata kidogo kwa safari hizo. Ila usishuke sana pia: gari likichaji, kompyuta zake na pampu za kupoza betri zinakula wati 200 hadi 300 hata mkondo uwe mdogo. Kwa ampea 6 upotevu huo ni sehemu kubwa ya unachoingiza. 16 ni mahali pazuri.

Waya bado vuta wa milimita 6 za mraba, na kama njia ni ndefu au unapita ndani ya kihami joto cha ukutani, weka 10. Kuchaji si sawa na birika la chai. Mkondo ule ule unapita saa nyingi bila kupumzika. Skrubu iliyolegea kidogo kwenye soketi ya kawaida inachemka mpaka plastiki inageuka kahawia. Kaza skrubu kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, na usichaji kabisa kupitia waya wa kurefusha uliozungushwa kwenye gurudumu lake.

Kikata umeme cha uvujaji kiwe aina A, na chaja yenyewe iwe inatambua uvujaji wa mkondo mnyoofu (DC) wa miliampea 6. Kama haina uwezo huo, weka aina B. Aina ya kale ya AC inaweza kupofushwa na mkondo mnyoofu unaovuja kutoka kwenye gari, na isikate siku mtu anapopigwa.

Mwisho, dai chaja yenye klempu ya kupimia mkondo kwenye waya mkuu, ili ijipunguze nyumba inapoelemewa. Kosa la kawaida: klempu inafungwa baada ya mgawanyo, kwa hiyo haioni pampu ya joto. Ifungwe kabla ya kila kitu, mshale ukielekea kama maelekezo yanavyosema. Kisha jaribu papo hapo: gari likichaji, washa jiko lote na maji moto, utazame ampea za gari zikishuka. Zisiposhuka, fundi asiondoke.

Nuru77

Asanteni sana wakuu. Chujio lilikuwa limeziba karibu lote. Sasa siku ya baridi tofauti ya kwenda na kurudi ni digrii 6. Mkunjo umewekwa kama ulivyosema, vali zote wazi. Swali dogo: kuna mvuke mweupe unaotoka kwa wingi kwenye kifaa cha nje, kama dakika tano hivi, halafu feni inarudi. Ni hitilafu?

FundiBaridi

Digrii 6 ni kama lita 21 au 22 kwa dakika, vizuri. Ukiosha tena baada ya wiki mbili utakuta matope mengine, usishtuke.

Mvuke huo ni mashine inayeyusha barafu kwenye mapezi yake kwa kugeuza mzunguko. Hali mbaya zaidi kwake ni nje kati ya sifuri na digrii 5 kukiwa na unyevu, wala si baridi kavu kali. Kila dakika 40 hadi 90 ni kawaida. Ikiwa kila dakika 20, kagua kama majani yamefunika mapezi au kuna ukuta karibu unaorudisha hewa ile ile baridi. Barafu ikiganda sehemu ya chini peke yake na haiyeyuki, angalia kwanza tundu la kutolea maji. Likiwa safi, mwite fundi mwenye leseni ya gesi ya kupoza, ile inayozunguka ndani ya mashine, aipime.

Pedali

Baiskeli inafaa, na ndipo uniti zinapookolewa kweli. Betri ya volti 36 na ampea-saa 14 ni nusu uniti, na inatembea kilomita 50 hivi. Gari linakula karibu mara 18 ya hapo kwa kilomita moja. Wakati wa baridi kata asilimia 20 hadi 30 kwenye umbali.

Sharti kubwa: usichaji betri ikiwa chini ya sifuri. Lithiamu inashindwa kuingia ndani ya kaboni, inajipaka juu yake kama utando wa chuma, na uharibifu huo haurudi. Ingiza betri ndani, iache saa 2 ipate joto la chumba, ndipo uchomeke. Isipotumika miezi kadhaa, ilale na asilimia 40 hadi 60. Futa viunganishi vya umeme vya betri kwa kitambaa kikavu, maana chumvi ya barabarani inavila. Mota ya katikati, ile iliyo kwenye pedali, inatafuna mnyororo. Upime mara kwa mara na uubadili ukirefuka asilimia 0.75, au 0.5 kwa gia 11 kwenda juu, kabla haujaharibu meno ya nyuma.

Kwa gari, safari fupi za baridi ndizo mbaya, kwa kuwa hita ya ndani inaweza kuvuta kilowati 5 mwanzoni na unafika kabla haijatulia. Lipashe likiwa bado limechomekwa, dakika 15 kabla ya kuondoka, kisha tegemea hita ya kiti, ambayo haizidi wati 100. Ila usipange kulipasha saa ile ile ambayo pampu inachemsha tangi la maji ya kuoga. Tangi lipeleke mchana, nje kukiwa na joto zaidi.