Jina kubwa, mseto wa masomo au kutwa ya karibu? Tulinganishe kabla ya kujaza nafasi 12 za Gredi ya 10

Mzazi_Jomvu

Wazazi na walimu, salamu kwenu. Hapa Kenya, fomu ya kuingia sekondari ya juu (kuanzia Gredi ya 10) inampa mtoto nafasi 12 za shule. Mtoto na mzazi wake ndio wanaosema kwanza, kompyuta ya wizara inafuata. Haki hiyo ni yetu, na itabaki yetu tukiitumia kwa akili. Tukiijaza fomu ovyo, kesho tutaambiwa wazazi hawajui kuchagua, wapangiwe tu.

Kwa wasiojua, utaratibu uliotumika kwa kundi la kwanza mwaka 2025 ulikuwa hivi. Mtoto anachagua mkondo: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ndani ya mkondo anachagua miseto mitatu ya masomo, kila mseto una masomo matatu. Kwa kila mseto anataja shule 4. Ndiyo hizo 12. Kati yake 9 ni za bweni (3 za kaunti ya nyumbani, 6 za nje) na 3 ni za kutwa katika kaunti ndogo ya nyumbani au anakoishi.

Naona wazazi wanaanza kwa njia tatu. Kuna wanaoanza na jina, C1 zile zilizokuwa shule za kitaifa, kisha wanatafuta mseto unaoingia hapo. Kuna wanaoanza na mseto, kisha wanatafuta shule inayoufundisha kweli. Na kuna wanaoanza na kutwa ya karibu, bweni ikawa ziada. Ipi inamfaa mtoto zaidi, na kwa nini? Tafadhali tuandike kwa hesabu na hatua.

Mwalimu_wa_Ratiba

Mzazi mwenzangu, jibu langu ni mseto kwanza, na sababu yake iko kwenye ratiba.

Sekondari ya juu ina Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Huduma kwa Jamii kwa wote. Yanayobaki ni masomo matatu ya kuchagua. Miaka mitatu mizima ya mtoto inasimama juu ya hayo matatu. Shule ikikosa mwalimu wa moja kati yake, theluthi ya chaguo la mtoto imekwenda na maji. Mtoto huyo atasukumwa kwenye mseto jirani ambao hakuuomba, na jina la shule lililo kwenye sare halitamrudishia.

Shule nyingi huorodheshwa na miseto mingi kuliko walimu zilio nao wanavyoweza kuifundisha. Darasa la kawaida ni wanafunzi 45. Mseto ukivuta wanafunzi 5, mwalimu mkuu hana namna, atauunganisha na mwingine au ataufuta. Kwa hiyo usiulize "mnatoa mseto huu?" Hapo jibu ni ndiyo siku zote. Uliza haya:

Ni wanafunzi wangapi wanausoma sasa? Kila somo kati ya matatu lina mwalimu wa TSC (Tume ya Huduma kwa Walimu) au wa kulipwa na bodi ya shule? Huyo mwalimu ana vipindi vingapi kwa wiki? Kisha omba kuiona ratiba yenyewe. Imebandikwa ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu au kwenye chumba cha walimu. Tafuta vipindi viwili vinavyofuatana vya Fizikia, Kemia au Biolojia. Hivyo ndivyo vya maabara, kwa sababu jaribio halikamiliki ndani ya kipindi kimoja. Ukiona sayansi zote zimepangwa kipindi kimojakimoja wiki nzima, maabara haitumiki, hata kama jengo lipo na limepakwa rangi mpya.

Pili, Hisabati. Ziko mbili, ya msingi wa mahitaji ya kila siku na ile kamili. Anayekwenda STEM lazima asome ile kamili. Wa mikondo mingine husoma ile nyepesi, ila anaweza kuomba kamili. Mtoto wa Sayansi za Jamii anayetaka uchumi au uhasibu chuoni aombe kamili mapema, na mzazi athibitishe kwamba shule ina nafasi kwenye ratiba ya kumfundisha.

Bi_Mwanaisha

Mwalimu, shikamoo. Binti anataka muziki na maigizo. Wenzake wamejaza shule za kutwa za karibu kwa mkondo wa Sanaa. Kuna tatizo?

Mwalimu_wa_Ratiba

Marahaba Bi Mwanaisha. Tatizo lipo, na ni la kuangaliwa leo. Shule zimegawanywa: zenye mikondo mitatu na zenye mikondo miwili. Kila shule lazima iwe na STEM. Zenye miwili kwa kawaida huongeza Sayansi za Jamii, kwa hiyo mkondo wa Sanaa na Michezo unapatikana kwenye zile za mitatu. Shule nyingi ndogo za kutwa ni za mikondo miwili. Angalia kwenye orodha ya wizara, shule kwa shule, mkondo na mseto. Usitegemee alichosema jirani. Kaunti ndogo yako ikiwa haina kutwa yenye mikondo mitatu, hapo bweni ya kaunti yako yenye Sanaa ndiyo ya kuwekewa uzito, na miseto mingine iwe ya mkondo ambao kutwa yako inao.

Karo_na_Hesabu

Niweke fedha mezani, maana chaguo usiloweza kulilipia hadi muhula wa tatu halijakamilika.

Kima cha juu cha karo ya bweni kilichowekwa na serikali ni shilingi 53,554 kwa mwaka kwa shule za kundi la juu, na 40,535 kwa bweni nyingine nyingi. Hulipwa kwa mgao wa 50, 30 na 20 kwa mia. Kwa 53,554 maana yake muhula wa kwanza pekee unadai 26,777. Hapo hujahesabu sare, godoro, sanduku na nauli ya safari za kwenda na kurudi. Shule ikidai zaidi ya kima hicho, iombe ikuonyeshe idhini ya wizara kwa maandishi.

Kutwa haina karo ya masomo. Gharama yake ni chakula cha mchana, sare na nauli. Mwaka una takriban wiki 36 za masomo, yaani siku 180. Mfano: nauli shilingi 100 kwenda na kurudi ni 18,000 kwa mwaka. Chakula cha shilingi 60 kwa siku ni 10,800. Jumla 28,800. Mtoto akitembea kwa miguu, jumla inashuka hadi 10,800. Nauli ikifika 200 kwa siku, jumla inapanda hadi 46,800, na kutwa imeshakuwa ghali kuliko bweni ya 40,535. Kwa hiyo usiite shule ya kutwa "ya karibu" mpaka uhesabu mtoto atapanda matatu ngapi kwa siku. Matatu mbili asubuhi na mbili jioni ndiyo zinazovunja hesabu.

Na karibu hupimwa kwa barabara na kivuko, ramani haitoshi. Mtoto wa Likoni anayesoma kisiwani Mombasa hatozwi feri akiwa kwa miguu, lakini foleni ya asubuhi inakula muda ambao haurudi. Upande wa pili, mtoto wa Mikindani, kaunti ndogo ya Jomvu, anaweza kuwa na shule ya Changamwe jirani kabisa, ila kwa masharti ya kaunti ndogo haingii kwenye zile nafasi 3 za kutwa. Hili ndilo la kulipigania: mpaka wa utawala usimnyime mtoto shule anayoweza kuifikia kwa miguu.

Mjumbe_wa_Bodi

Nawasikiliza na nakubali sehemu kubwa, ila niseme upande wa pili. Chaguo huru la wazazi linaua shule ndogo. Serikali inatoa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na fedha hizo humfuata mtoto. Darasa moja la watoto 45 likihama, shule imepoteza 1,000,980 kwa mwaka. Mwalimu wa bodi anaachishwa, mseto unafutwa, mwaka unaofuata wazazi wengi zaidi wanahama. Tena fedha zenyewe hazifiki zote. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya Bunge kwamba uwezo uliopo ni kama 16,900 kwa mwanafunzi. Shule ya C1 inaziba pengo kwa karo ya bweni. Shule ya kutwa inaziba kwa nini?

Mzazi_Jomvu

Ndugu yangu, hesabu yako ni sahihi na inauma. Ila dawa yake si kumfunga mtoto kwenye shule isiyo na mwalimu wa Kemia ili shule isipungukiwe. Huyo mtoto ana miaka mitatu tu hapo. Wazazi wanapohama, wanapeleka taarifa ambayo hakuna ripoti inayoipeleka haraka hivyo. Kaunti ndogo ikiona shule imepata waombaji 20 kwa nafasi 90, hilo ni jambo la TSC kupeleka mwalimu. Ni jambo pia la shule mbili jirani kushirikiana maabara moja kwa siku tofauti, au kugawana miseto badala ya kila moja kuorodhesha yote na kufundisha nusu.

Mwalimu_wa_Ratiba

Naunga mkono hilo la kugawana. Kutwa yenye miseto 4 iliyokamilika ina nguvu kuliko yenye 15 ya kwenye karatasi.

Mjumbe, bodi yako ina mamlaka hayo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaweka wawakilishi sita wa wazazi kwenye bodi ya usimamizi. Hao sita wakidai miseto ipunguzwe iwe ile yenye walimu, waombaji wataongezeka, kwa sababu mzazi anaiamini shule inayomwambia ukweli.

Mjumbe_wa_Bodi

Nimekuelewa, Mwalimu. Hilo la kupunguza miseto linawezekana. Swali la pili: alama. Wazazi wanakuja ofisini wakiuliza "alama za kuingia C1 ni ngapi?"

Mwalimu_wa_Ratiba

Alama ya mwisho ina sehemu tatu: KPSEA (tathmini ya kitaifa ya kumaliza msingi) ya Gredi ya 6 asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA (tathmini ya kitaifa ya kumaliza sekondari msingi) ya Gredi ya 9 asilimia 60. Asilimia 40 inakuwa imeshaandikwa kabla ya mtihani wa mwisho. Mzazi aombe alama za tathmini za Gredi ya 7 na 8 mapema, athibitishe zimepakiwa, kwa sababu kosa la kuingiza alama ni rahisi kurekebishwa mtoto akiwa bado shuleni.

Masomo ni tisa, kila moja lina ngazi nane: EE1 ni pointi 8 (alama 90 hadi 100), EE2 ni 7 (75 hadi 89), ME1 ni 6 (58 hadi 74), ME2 ni 5 (41 hadi 57), na kushuka hivyo hadi BE2, pointi 1. Ukijumlisha, ya juu kabisa ni 72. Lakini jumla pekee haitoshi kwa uchaguzi. Mwenye 60 aliyezipata kwenye lugha na dini, huku Sayansi Jumuishi akiwa AE1 (pointi 4), mkondo wa STEM utamlemea. Linganisha masomo yanayobeba mkondo wenyewe.

Kwa hiyo pangeni hivi. Katika kila kundi la shule 4 msiweke C1 kila mahali panaporuhusiwa. Wekeni moja ya kujinyoosha, zinazolingana na alama halisi za mtoto, na moja ambayo mkiipata hamtalia. Mzazi anayepoteza nafasi zake 9 za bweni kwa majina makubwa anaishia kwenye zile 3 za kutwa alizojaza bila kuangalia. Zile 3 ndizo zinazostahili kutembelewa kwanza.

Bi_Mwanaisha

Na shule ambayo ina bweni na kutwa pamoja?

Karo_na_Hesabu

Hapo angalia aina ya malazi kwenye mstari ule ule wa shule kabla ya kuthibitisha. Ukichagua kutwa katika kaunti ndogo ya nyumbani ilhali mnaishi kwingine, mtoto atapangiwa kutwa asikoishi, na utajikuta unatafuta nyumba ya kupanga. Soma nakala iliyochapishwa, weka sahihi, piga picha, ndipo mkuu wa shule ya sekondari msingi aingize. Mkishapangiwa na mnataka kubadilisha, ombi hupitia kwa mkuu huyo huyo, na shule mnayoitaka lazima iwe na nafasi wazi kwa mseto huo. Kusema tu "mtoto hajaridhika" hakusogezi kitu. Lete sababu inayopimika: umbali, ugonjwa wenye cheti, mseto usiofundishwa.

Mzazi_Jomvu

Kwa wanaokataliwa taarifa na shule: Katiba ibara ya 35 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinampa raia haki ya kuomba, na ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Barua iwe fupi hivi:

"Kwa Mwalimu Mkuu. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa Gredi ya 9. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 naomba nakala ya yafuatayo: (1) miseto inayofundishwa sasa na idadi ya wanafunzi wa kila mseto, (2) idadi ya walimu kwa kila somo, wa TSC na wa bodi, (3) nafasi za Gredi ya 10 za bweni na za kutwa, (4) malipo yote yanayotakiwa kwa muhula."

Nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku 21 zinahesabiwa kutoka hapo.

Mjumbe_wa_Bodi

Ongeza namba (5): miseto iliyofutwa mwaka huu na sababu yake. Sisi tutaibandika langoni bila kungoja barua.