Uji wa soya kwa mgonjwa wa saratani ya matiti anayetumia tamoksifeni

Lishe_Mafinga: Kamwene wakuu. Unga wa lishe huku Mufindi karibu wote una soya. Mama mmoja amefanyiwa upasuaji, uvimbe ulikuwa na vipokezi vya estrojeni (sehemu za seli zinazonasa homoni hiyo), sasa anameza tamoksifeni, dawa ya kuvizuia, mg 20 kwa siku. Kuna maandiko yanasema genisteini ya soya (mojawapo ya isoflavoni, kemikali za mmea zinazofanana na estrojeni) inakuza MCF-7, seli za saratani ya matiti zinazokuzwa maabara, mengine yanasema inaziua. Tushike lipi?

Maabara_Mbeya: Yote mawili ni kweli, kinachotofautisha ni kipimo. Genisteini inafanana na estradioli, estrojeni kuu ya mwili, kiasi cha kuingia kwenye kipokezi chake. Kipokezi kina aina mbili, alfa na beta. Inakishika zaidi cha beta kuliko cha alfa, ila MCF-7 zimejaa alfa. Chini ya maikromola 10 hivi (kipimo cha ukolezi) inakiwasha, seli zinagawanyika. Ikizidi hapo inazuia vimeng'enya vya tirosini kinesi, vinavyopeleka ishara za seli kukua, na hapo estrojeni haihusiki tena. Ndiyo maana hata MDA-MB-231, seli nyingine za saratani ya matiti zisizo na alfa, hudumaa kwa dozi kubwa.

Kabla ya kuamini jaribio lolote, angalia seli zilikuzwa kwenye nini. Rangi ya fenoli nyekundu kwenye midia (maji ya lishe ya kukuzia seli) huwasha kipokezi, na seramu ya ndama ina estrojeni zake. Rangi isipoondolewa na seramu isipochujwa kwa mkaa, seli za kulinganishia nazo zinakua, na athari ya genisteini inafichika.

Mfamasia_Iringa: Kwa bakuli la uji mama huyo hafiki kwenye vipimo hivyo vya maabara. Soya kavu ina isoflavoni kama mg 1 hadi 2 kwa gramu, na utumbo na ini hufunga sehemu kubwa kwa asidi ya glukuroni, ikapungua nguvu. Genisteini huru kwenye damu ni kidogo sana.

Hofu ilitokana na panya waliotolewa ovari: genisteini iliwapunguzia nguvu ya tamoksifeni. Lakini utafiti wa Shanghai wa 2009, wagonjwa 5,042, ulikuta waliokula soya zaidi walirudiwa na saratani na kufariki kwa kiwango cha chini, hata waliotumia tamoksifeni. Ni utafiti wa ufuatiliaji, na wale wamezoea soya tangu utotoni, kwa hiyo usimpe soya kama dawa. Uji aendelee nao. Vidonge na poda za isoflavoni za "kurekebisha homoni" ndivyo akatazwe kabisa, na tamoksifeni asiikatishe bila daktari wake.

Lishe_Mafinga: Asante sana. Kuichemsha soya kabla ya kusaga kunaondoa hizo isoflavoni?

Mfamasia_Iringa: Kiasi kidogo kinaondoka na maji, nyingi zinabaki. Zile dakika 30 za kuchemsha ni za kuua vizuizi vya tripsini (vitu vinavyozuia mwili kumeng'enya protini), msizipunguze.