Naomba ushauri: nesi wa zahanati kijijini, mafunzo endelevu nayapataje?

Habari zenu wakuu, mimi ni nesi mwenye diploma, niko zahanati moja huku ndani ndani Kongwa, tuko wawili tu, nikitoka mwenzangu anabaki na kliniki ya watoto na wajawazito peke yake. Sasa kuhuisha leseni Baraza la Uuguzi na Ukunga wanataka pointi za mafunzo endelevu na semina nyingi ziko Dodoma mjini, barua ikija anachaguliwa mtu yuleyule, inauma kwa kweli.

Kozi za mtandaoni nasoma usiku network ikitulia, nadharia naipata vizuri tu, ila mtoto akizaliwa hapumui, ndani ya dakika moja uwe umeshamkausha, umemchangamsha na umeanza kumpa hewa kwa ambu (ule mfuko wa kubonyeza wenye barakoa), ule mkono unausomaje kwenye simu jamani? Hilo linaninyima usingizi kuliko hata pointi.

Waliopitia naombeni mnisaidie, inawezekana kuomba kukaa hata wiki moja leba ya hospitali ya rufaa ya mkoa nijifunze kwa vitendo? Barua ipitie kwa mfawidhi wa zahanati kwanza au niende moja kwa moja kwa DMO (mganga mkuu wa wilaya)? Na mliosoma digrii ya uuguzi pale UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) mkiwa kazini, ruhusa mliipataje? Natanguliza shukrani.