Mrejesho: tumbo kujaa na hofu ya saratani ya ovari

Habari zenu. Niliuliza kama kipimo cha mlango wa kizazi kikitoka safi kinaondoa hofu ya saratani ya ovari (vifuko vya mayai ya mwanamke). Asanteni kwa majibu. Nimefuatilia: hakiondoi. Kipimo kile huchukua seli za mlango wa kizazi tu, na ovari ziko juu, ndani ya nyonga.

Dalili za kuangalia ni tumbo kujaa lisipungue, kushiba baada ya matonge machache, maumivu ya nyonga au tumbo, na kukojoa mara kwa mara au kwa haraka. Kila moja ina sababu nyingine nyingi, ndiyo maana hupuuzwa. Kinachotia shaka ni dalili mpya inayorudi zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa ukishapita miaka 50. Umri huo ukiambiwa ni gesi tu, tafadhali omba uchunguzi zaidi. Andika tarehe za dalili uende nazo kwa daktari. Damu ukeni baada ya kukoma hedhi haisubiri hesabu yoyote.

Vipimo vya kuanzia ni viwili: cha damu kiitwacho CA-125, kinachopima protini ambayo mara nyingi hupanda kwenye saratani ya ovari, na ultrasaundi ya nyonga. CA-125 ikifika uniti 35 kwa mililita au zaidi, ultrasaundi hufuata. Lakini fibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani), endometriosisi (tishu kama za ndani ya kizazi kuota nje yake), hata hedhi yenyewe huipandisha, na saratani changa inaweza isiipandishe kabisa. Kwa hiyo majibu mazuri huku dalili zikiendelea, rudi.

Mwenye mama, dada, shangazi au mama mdogo aliyepata saratani ya ovari au ya matiti aulizie kipimo cha jeni za BRCA1 na BRCA2, ambazo zikiwa na hitilafu ya kurithi huongeza hatari ya saratani hizo.