Usalama wa mitaa ya China: ni kamera au ni watu wenyewe?

Mzee wa Kontena: Wadau nimerudi Guangzhou wiki jana naomba tujadili hili. Saa nane usiku natembea Xiaobei, ule mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, na hela ya mzigo kwapani, sigeuki nyuma hata mara moja. Kila nguzo ina kamera, na sio moja. Wenyewe wanaita Tianwang, wavu wa mbinguni, wameanza tangu 2005 huko. Sasa nyie wa faragha faragha, faragha inalika? Nilisahau simu mgahawani kwenye supu ya tambi, narudi baada ya saa nzima mwenye duka kaifunika na leso. Ingekuwa Dar ingeshafika Kariakoo kabla sijamaliza kujipapasa mifuko.

Kinda la Temeke: Umeanza vizuri mwisho umeharibu. Dar yote wezi?

Sina Makuu: Mkuu hiyo simu kamera inahusikaje, si mwenye duka tu mtu mwema. Mimi nimesoma huko miaka mitano, betri ya pikipiki yangu ya umeme imeng'olewa mbele ya bweni, kamera iko juu yake kabisa inaitazama. Naenda kuuliza naambiwa eti siku ile ilikuwa mbovu. Ila wakati sisi wageni tumechelewa kujiandikisha polisi ndani ya zile saa 24 za kufika, haikuwa mbovu.

Mzee wa Kontena: Ulipaki vibaya.

Sina Makuu: Hahaha haya.

Mtu wa Njombe: Kwetu hakuna kamera hata ya dawa na jembe linalala shambani mpaka asubuhi. Ni malezi tu, watu wa Pwani hawataki kusikia.

Kinda la Temeke: Jembe! Nani aibe jembe akaliuze wapi? Leta simu Njombe uone.

Binti Pemba: Mzee wewe unatembea usiku kwa sababu ni mwanamume. Juni 2022 pale Tangshan wadada wanakula zao nyama choma, jamaa kaja kumshika mmoja mgongo, alipomkataa wakapigwa na kundi zima wakaburuzwa mpaka nje. Kamera ya mgahawa imerekodi mwanzo mwisho, haikumzuia mtu. Kilichowapeleka jela ni ile video kusambaa nchi nzima ikawaka, kinara wao akala miaka 24.

Mzee wa Kontena: Dada, si wamefungwa? Bila kamera ungejuaje?

Binti Pemba: Wamefungwa baada ya kupigwa! Nazungumzia kabla.

Mpita Njia wa Nairobi: Huku kwetu Safaricom na Huawei walitufungia hizo kamera baada ya lile shambulio la magaidi la Westgate, na simu bado zinanyakuliwa chini yake mchana. Kamera bila polisi wa kuja ni pambo.

Sina Makuu: Na zinakosea pia. Kuna yule mama tajiri alitundikwa kwenye skrini ya barabarani Shanghai kuwa kavuka taa nyekundu, kumbe sura yake ilikuwa tangazo ubavuni mwa basi.

Binti Pemba: Ningbo, sio Shanghai. Dong Mingzhu wa viyoyozi vya Gree, 2018.

Mtu wa Njombe: Kwa hiyo basi ndio lilivuka 😂

Sina Makuu: Mzee nikuulize swali moja, Aprili 2020 ulikuwa wapi? Pale Waafrika walipotolewa kwenye nyumba na hoteli hapohapo Guangzhou unakokusifia, wakalala barabarani na mabegi yao.

Mzee wa Kontena: Nilikuwepo. Unadhani sikuwepo? Hoteli niliyoizoea miaka yote wameangalia pasipoti wakafunga mlango, nimelala siku mbili kwenye gari la Mkongomani mmoja, kodi nilishalipa. Lakini ile ilikuwa korona, usinichanganyie na vibaka.

Sina Makuu: Sichanganyi. Siku mbili hizo kamera zilikuona barabarani hukuonekana mtu wa kusaidiwa. Halafu wewe ni mtu wa hela kwa hiyo sikia hii, 2022 Zhengzhou watu benki za vijijini zimewakalia akiba zao, wanakuja kudai, kwenye simu zao zile code za afya, za kuonyesha kama una korona, zinageuka nyekundu, mtu hana ugonjwa wowote lakini hawezi kupanda treni. Hata maofisa waliofanya hivyo waliadhibiwa baadaye. Ile korona yako ndiyo ilitumika kulinda benki.

Mzee wa Kontena: Hiyo ya benki sikuwa naijua. Hiyo mbaya. Ila saa nane usiku bado natembea.

Binti Pemba: Tembea baba, wanakuona.

Kinda la Temeke: Jamani kuna mtu bado hajajibu kuhusu Dar.

Mzee wa Kontena: Kinda nisamehe mdogo wangu, sikumaanisha Dar nzima. Nilimaanisha Kariakoo.

Kinda la Temeke: Duka la baba yangu liko Kariakoo.